Nondo Zilizovutwa kwa Ndani

Fundi wa kuchomelea aliingiza kichwa kwenye dirisha la jikoni, akakitoa, halafu akatutazama mimi na mume wangu kwa zamu, kama askari anayechagua wa kuanza naye.

"Mwizi wenu hakutoka nje," akasema.

"Una maana gani?" mume wangu akauliza.

"Mwizi akitaka kuingia anavuta nondo kwake, kwa nje. Hizi zimevutwa kwa ndani. Aliyezipinda alikuwa amesimama hapa, kwenye vigae vyenu. Na si mtu mwepesi."



Nyumba yetu ina watu watatu. Mimi, mume wangu, na mama yake mzazi, yaani mama mkwe wangu. Mbwa hatuna. Paka alihama mwenyewe.

Mimi ni mwembamba, feni ikizidishwa kasi nashika meza. Mume wangu ni mpole sana, kifuniko cha jamu kikimgomea analirudisha kopo kabatini na kula mkate mkavu. Mama mkwe ni mjane, mnene wa heshima zake, na saa ile alikuwa sebuleni mbele ya runinga, goti limefungwa bandeji, analalamika kwamba hata kuokota kijiko hawezi.

Fundi akazinyoosha nondo, akachomelea, akaondoka anatingisha kichwa.

Wiki haikuisha, zikapinda tena.

Sasa hapa lazima niwaambie jambo linalonihusu, vinginevyo tutapotezana njiani.

Mimi napanda majabali.

Sikimbizwi na mtu, wala sitafuti kuni. Napenda tu. Siku za kazi niko kwenye duka la kuchapa mabango, naivalia njuga mashine moja yenye kiburi. Jumamosi naungana na klabu yetu, tunatoka nje ya mji, kuna jabali limesimama wima kama ukuta wa ghorofa. Tunalipanda kwa kamba.

Mwalimu wetu tunamwita Kobe. Mtu mzima, mvi tele, maneno machache. Jina hilo alilipata kwa sababu hajui haraka. Anakagua fundo, anafuta miwani, analikagua tena lile lile.

Kobe alikuwa ameniahidi kwamba nikifaulu mtihani wa nanga, atanikabidhi kundi la wanafunzi wapya niwaongoze mwenyewe. Nililitaka kundi lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Nanga ni ile sehemu ya juu kabisa inayobeba kamba. Ikikosewa hiyo, mengine yote ni mapambo.

Aina tuliyokuwa tunafundishwa inajisawazisha yenyewe. Una vyuma viwili mwambani. Unapitisha mkanda wa nailoni ulioshonwa duara kwenye vyote viwili, halafu katikati unaning'iniza karabina, ile pete ya chuma yenye mlango. Mtu aliye chini akihamia kushoto, karabina inateleza kushoto. Akihamia kulia, inamfuata kulia. Hivyo vyuma vyote viwili vinabeba uzito pamoja, hakuna kinachomtegea mwenzake.

Ila kuna mtego. Kabla ya kuweka karabina, lazima upindue uzi mmoja wa mkanda uwe kitanzi, karabina ipite humo. Ukipindua, chuma kimoja kikichomoka karabina inanaswa na kitanzi, na mtu anabaki hai. Usipopindua, karabina inachomoka kama ushanga kwenye uzi uliokatika, na mtu wako anakwenda nayo.

Halafu unafunga vifundo viwili vya kuzuia, kimoja kila upande, ili chuma kikichomoka mtu asishuke mbali kabla ya kunaswa.

Vifundo navijua hata usingizini. Kupindua nilikuwa nasahau.

Si kila mara. Mara moja moja, nikiwa na haraka au mtu akinisemesha.

"Ukisahau hapa chini tunacheka," Kobe aliniambia. "Ukisahau kule juu, hakuna atakayecheka. Kafanye nyumbani mpaka mikono izoee kufanya hata ukiwa umekasirika."

Na nyumbani kwetu, mahali pekee penye vyuma viwili vya kufungia mkanda ni dirisha la jikoni.

Mnaanza kunielewa.

Kukasirika hakukuwa kazi ngumu, maana mama mkwe alikuwa ananisaidia kila mlo.

"Mwanamke mzima anajibandika mwambani kama mjusi," anasema huku anapakua.

"Mama, ninakuwa na kamba."

"Hata mbuzi ana kamba."

Mume wangu anaangalia sahani yake. Yeye ni mpima macho. Kutwa nzima anawaambia watu wasome herufi ndogo ukutani. Akifika nyumbani, hata herufi kubwa hazioni.

Mimi nilikuwa nakula jiwe, sibishi. Nasema "sawa, Mama," naondoa vyombo, halafu nafunga nanga yangu dirishani hadi anaponifukuza kwamba namkinga mwanga.

Sasa turudi kwenye nondo.

Mara ile ya pili zilipopinda, sikuangalia nondo. Niliangalia mkanda. Asubuhi nilikuwa nimeuacha umening'inia pale vibaya vibaya kwa sababu nilichelewa kazini. Nakumbuka vizuri sikuwa nimepindua.

Niliporudi, ulikuwa umepinduliwa. Kitanzi safi. Vifundo viwili vimekaa mahali pake, vimebanwa vikabanika.



Mtu alikuwa anaingia jikoni mwangu, anasahihisha kazi yangu, halafu anapinda dirisha. Nikimwambia yeyote, atanipima homa.

Nikaamua kumnasa. Kazini tuna wino wa unga wa mashine, rangi ya zambarau. Ule ukikugusa umekugusa. Nikachukua kidogo kwenye karatasi, nikaupaka mkanda kwa ujanja, nikaupaka na mkanda wangu wa kupandia, ule unaovaliwa kiunoni na mapajani. Nikaenda zangu kazini napiga mluzi.

Jioni mezani nikaomba chumvi. Kisha maji. Kisha leso. Kila kilichokuwa mbali nilikiomba, ili nione viganja vya watu.

Viganja vyote safi. Vya mama mkwe vilikuwa vinanuka mafuta ya taa kidogo, lakini yule husugua sufuria kwa kila kitu, sikumjali.

Siku iliyofuata, nikiwa natenga nguo za kufua, nikaishika suruali ya mazoezi ya mume wangu. Ile aliyonunua mwaka ule alioapa ataanza kukimbia.

Zambarau kiunoni. Zambarau kuzunguka mapaja yote mawili. Alama ya mkanda wangu wa kupandia, kama imepigwa mhuri.

Jamani, nilikaa juu ya kapu la nguo chafu nikalia kidogo.

Mume wangu. Anayeogopa kusimama kwenye kiti kubadilisha taa. Kumbe nikiwa kazini anajifunza kwa siri ili anisahihishie mafundo na aninusuru na ulimi wa mama yake. Mwanaume kama huyo ungemfanyaje?

Jioni ile nikampikia anachokipenda. Nikamtengea chai mwenyewe, nikakaa karibu yake.

"Najua unachofanya nikiwa kazini," nikamnong'oneza.

Akapaliwa na chai. "Unajua?"

"Najua. Na nimefurahi."

Akanitazama kama mtu aliyesamehewa kifungo. "Nafanya kidogo kidogo tu," akasema. "Nikimaliza nafunga vizuri, usijue."

"Nimeona unavyofunga. Unafunga kuliko mimi."

Akatabasamu kwa aibu. Nikamshika mkono. Tulikuwa wenye furaha sana usiku ule, kila mtu na yake.

Baadaye sana ndipo nilipogundua alikuwa anazungumzia kopo la biskuti ninalolificha juu ya kabati.

Siku chache mbele, umeme ukakatika kazini, tukaambiwa turudi makwetu. Nikaona nikamfume mume wangu katikati ya mazoezi nimpe moyo. Nikazungukia uchochoro wa nyuma, nikasogea dirisha la jikoni, nikapiga chabo.

Ni mama mkwe.

Amevaa suruali ya mazoezi ya mwanawe, imembana hadi inaomba msaada. Juu yake mkanda wangu wa kupandia. Amejiegemeza kwenye nanga yangu kwa uzito wake wote, miguu imekunjwa, haigusi chini. Ananing'inia. Mkono mmoja anakula chungwa.

Lile goti la bandeji lilikuwa linapiga teke la furaha hewani.

Akajisukuma kushoto, karabina ikateleza kushoto. Akajisukuma kulia, ikamfuata kulia. "Naam," akasema. "Inakuja yenyewe."

Masikioni ana nyaya za simu. Nikadhani anazungumza peke yake, kama wanavyofanya watu wakizoea upweke.

"Sasa natoa upande huu," akasema.

Akachukua mwiko, akaukwamua mkanda kutoka nondo ya kushoto. Ukaachia. Mama mkwe akashuka kiasi cha kiganja, akanaswa na kitanzi, akayumba, chungwa likamdondoka.

Akacheka. Kicheko cha msichana. Tangu niolewe katika nyumba ile sikuwa nimewahi kukisikia.

Nikarudi kinyumenyume hadi barabarani.

Najua mtaniuliza kwa nini sikuingia kumkamata. Ukweli ni kwamba niliogopa nikimkamata ataona haya na kuacha. Halafu, tusidanganyane, lilikuwa tamu mno kulimaliza siku moja.

Ndipo vita yetu ya kimya ikaanza.

Asubuhi kabla ya kazi naacha nanga dirishani ikiwa na kosa la makusudi. Jioni nakuta limerekebishwa. Leo naacha sijapindua. Kesho napindua, lakini vifundo naviweka mbali mno na katikati. Keshokutwa mlango wa karabina nauacha haujakazwa. Yote anayaona, yote anayasahihisha. Siku moja aliufua na mkanda wenyewe, akauanika.

Na mezani hajabadilika hata chembe.

"Mtu mwenye akili zake hawezi kupoteza ujana wake na vikamba," anasema, huku vidole vyake chini ya meza vinapindua ncha ya kitambaa kuwa kitanzi.

"Sawa, Mama," nasema mimi.

Mume wangu anaomba chumvi.

Faida niliyoipata sikuitarajia. Ili kumtegea kosa jipya kila asubuhi, ilibidi nijue makosa yote, na kwa nini ni makosa. Mikono yangu ikaanza kuwa na akili. Hata Kobe alikiri Jumamosi moja.

"Umeendelea," akasema. Akafuta miwani. "Zile nondo za jikoni, mwambie fundi safari hii aweke nene."

Nikajibu sawa. Nikadhani nilishamsimulia, nami ni mtu wa maneno mengi.

Fundi akaja kwa mara nyingine, akaweka nondo za kufungia tembo. Hakuuliza kitu. Wakati wa kutoka akampa mama mkwe shikamoo ndefu kuliko kawaida.

Halafu siku moja mume wangu akanijia uso umemshuka.

"Mama amemwita Mjomba," akasema. "Kikao Jumamosi. Kuhusu jabali."

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama mkwe. Alikuwa mwalimu wa udereva hadi alipostaafu, na katika ukoo ule akishasema, imesemwa. Hata akikaa kwenye kochi, ukisimulia jambo kwa kasi mguu wake wa kulia unakanyaga breki sakafuni.

Na Jumamosi yenyewe ndiyo iliyokuwa siku ya mtihani wangu.

Nikawaka. Mwanamke ananing'inia dirishani kwangu, kwa mkanda wangu, halafu ananishtaki kwa kaka yake? Ulimi uliniwasha nimwage kila kitu. Nikajizuia kwa shida sana.

Jumamosi asubuhi Mjomba akaja, akakaa, akakohoa.

"Binti," akaanza, "sisi hatuna ugomvi na wewe. Lakini mchezo huu ni wa watoto wasio na kazi. Na kama si wa watoto, basi ni wa kuua. Kwa vyovyote vile, uache."

"Mjomba, leo nina mtihani."

"Mtihani huo hutaufanya."

Nikamtazama mume wangu. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Mjomba, ungemsikiliza kwanza," akasema kwa sauti ya kumwomba mtu asome mstari wa chini. Kwake yeye huo ulikuwa ushujaa, nami sijausahau.

Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Kaka," akasema, "wewe ulikuwa unamfelisha dereva kabla hujamwona barabarani?"

"Hapana."

"Basi twende tukamwone. Tumalizie kikao huko huko."



Tukapanda gari la Mjomba. Njia nzima mama mkwe anatazama nje kama anayekwenda matembezini.

Kobe alikuwa amesimama chini ya jabali, shati limepigwa pasi. Sikuwahi kumwona na shati lililopigwa pasi. Akamwamkia Mjomba, akapewa vidole viwili. Akamgeukia mama mkwe.

"Karibu, mama," akasema, halafu akainama kukagua kamba ya kiatu chake. Akaikagua tena.

Kufika juu ya jabali kuna njia ya miguu kwa nyuma, ya mawe mawe. Mimi na Kobe tukaanza kupanda. Nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Mama mkwe.

"Na goti, Mama?"

"Limepata nafuu njiani."

Juu pale kuna chuma kimoja kilichochimbiwa mwambani, kinene, hicho tunakiamini. Cha pili unakiweka mwenyewe: kabari ya chuma unayoisukuma ndani ya ufa mpaka ibane. Nikaibana kabari. Nikapitisha mkanda. Kutoka chini sauti ya Mjomba ilikuwa inapanda, anamweleza mume wangu jinsi vijana wa sasa wasivyo na breki. Nikafunga vifundo, nikaweka karabina, nikakaza mlango.

"Tayari," nikasema.

Kobe akatazama. Akafuta miwani.

"Mwanangu," mama mkwe akasema polepole, "angalia tena."

Nikaangalia.

Sikuwa nimepindua.

Siku zote zile za kutegeana makosa, na siku yenyewe nikalifanya lile lile, bila makusudi.

"Nilikuwa nimeona," Kobe akasema. "Nilikuwa nasubiri uone wewe. Kwa leo umefeli." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia saa. "Irekebishe, kazi iendelee."

Nikapindua. Kobe akakagua kila kitu kwa mwendo wake, akaigonga kabari, akauvuta mkanda kila upande, kisha akashuka kwenda kushika kamba. Tukabaki wawili.

"Najua kwamba unajua," mama mkwe akasema.

Nikajifanya nakaza karabina.

"Ile ya kuacha mlango wa karabina wazi hata kipofu angeiona. Nikasema huyu ananipima."

"Mama, kwa nini?"

Akatazama mkanda, si mimi.

"Mwanzoni nilitaka kujua kama hiki kikamba kinaweza kukushika. Kila Jumamosi unatoka, mimi nakaa nasikiliza mlango. Nikasema, mimi ni mzito kuliko wewe. Kikinibeba mimi, wewe kitakubeba kama unyoya."

Nikamshika bega. Akalikubali bega lishikwe, kwa muda mfupi.

"Na nondo je?" nikauliza.

"Nondo ni dhaifu. Kikamba kiko sawa."

Kutoka chini Mjomba akaita: "Ndiyo kwanza mnasuka hivyo vikamba? Hata bibi yangu angepanda hapa."

Mama mkwe akasogea ukingoni. "Basi panda wewe, Kaka. Si ulisema mchezo wa watoto?"

Nikamwona Mjomba anavua koti.

Kobe akamvalisha mkanda, akamvalisha kofia ngumu, akamfungia kamba. Akamwambia apande wima, asiende pembeni. Kamba ilitoka kwa Mjomba, ikapanda hadi kwenye nanga yetu, ikateremka hadi mikononi kwa Kobe.

Niseme haki, alianza vizuri. Mikono yenye nguvu, matusi machache. Alipofika katikati, akasimama, akatazama kulia.

"Huku kuna njia ya mkato," akasema.

"Wima, mzee," Kobe akaita.

"Nimefundisha watu barabara kabla hujaota ndevu," Mjomba akajibu, na akaenda kulia.

Karabina ikamfuata, ikateleza kulia, kama inavyotakiwa. Akaenda tena. Mguu ukamponyoka, akabembea na uzito wake wote upande ule, na hapo ndipo ukingo wa ufa ulipomeguka.

Nilisikia sauti kavu. Kabari ikaruka, ikanipita kando ya goti.

Mkanda ukakimbia ndani ya karabina. Ukafika kwenye kifundo, ukanaswa kwenye kitanzi. Kamba yote ikashuka kiasi cha kiganja, ikasimama.

Ikasimama, jamani. Kile chuma kinene hakikutikisika.

Nilichungulia chini. Mjomba anazunguka taratibu hewani, amekumbatia kamba, mguu wa kulia unakanyaga breki, unakanyaga, unakanyaga.

Nikaitazama nanga na kitanzi kile nilichokuwa nimekisahau. Nikakaa chini. Mama mkwe akanishika mkono na kuuminya.

"Kazi," akaniambia. "Utatetemeka nyumbani."

"Ongeza kabari nyingine kabla sijamshusha," Kobe akaita kutoka chini. Sauti yake ile ile. "Mzee, tulia hapo hapo. Uko salama."

Nikachukua kabari nyingine, nikatafuta ufa mzima. Hapo mama mkwe akaniinamia sikioni.

"Taratibu, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Nina neno na kaka yangu."

Akajilaza kifudifudi ukingoni, akakiegemeza kidevu mikononi kama aliye dirishani kwake.

"Kaka, unanisikia?"

"Nishusheni," Mjomba akasema.

"Unashushwa. Kikao nilichokuitia nilikuwa sijakifungua. Sikukuita kwa ajili ya huyu binti."

"Umeniita kwa ajili ya nini?"

"Huyo bwana anayekushikia kamba anataka kunioa. Nami nataka. Imebaki kauli yako tu."

Kabari ikanidondoka mkononi.

Chini, mume wangu alimgeukia Kobe. Akamtazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamtazama upya. Kobe alikuwa ameikaza kamba kwa mikono miwili, macho juu, masikio yamemwiva.

"Mama," mume wangu akaita, "tangu lini?"

"Tangu nilipokwenda kumwambia aachane na mke wako. Nilikwenda kumtukana. Akanifundisha fundo."

Basi zile nyaya za masikioni. Na zile nondo nene. Nilitaka kucheka, lakini nilikuwa na kabari ya kutafuta.

"Hili ni jambo la kuzungumziwa tumekaa," Mjomba akasema huku anazunguka, sasa ametuonyesha mgongo.

"Wewe umekaa, Kaka. Umekaa vizuri tu."

"Simjui huyu mtu."

"Unamjua kuliko wote hapa. Umemwachia uzito wako wote. Amekuangusha?"

Mjomba akazunguka hadi uso ukarudi upande wetu.

"Binti," akaniita, "hicho chuma bado?"

Nikamtazama mama mkwe. Akanikonyeza.

"Bado kidogo, Mjomba," nikasema. "Ufa una vumbi."

Nikapuliza ufa. Nikapuliza tena. Sijawahi kusafisha ufa kwa moyo kama siku ile.

"Kaka?"

"Nimekubali," Mjomba akasema. "Muoane. Nishusheni."

Nikabana kabari, nikafunga, nikapindua, nikamwonyesha mama mkwe, akaitikia kwa kichwa. Kobe akamteremsha shemeji yake polepole, kwa heshima zote, kama anayeshusha kabati la vyombo.

Tulipofika chini kwa njia ya miguu, Mjomba alikuwa amekaa juu ya jiwe, mume wangu anampepea kwa kofia. Rangi ilikuwa imemrudia, na ubishi nao.

"Nilisema nikiwa hewani," akatangaza. "Maneno ya hewani hayahesabiki."

Mama mkwe hakubishana. Aliokota ncha ya kamba, akampa.

"Basi panda tena ukakatae."

Mjomba akaitazama kamba. Akalitazama jabali kuanzia chini hadi juu. Akamtazama Kobe, aliyekuwa anakagua fundo ambalo halikuwa na mtu.

"Harusi lini?" akauliza.

Mtihani niliurudia baada ya kuoana kwao. Kama kuna aliyedhani udugu ungenisaidia, hamjui baba mkwe wangu. Alinikagua mara mbili ya wengine. Kundi la wanafunzi nilipewa, na mwanafunzi mbishi kuliko wote ananifuata kila Jumamosi na suruali ya mazoezi ya kwake mwenyewe.

Ninalowaachia ni hili. Ukimaliza kufunga chochote ambacho mtu ataning'inia, mwite mwingine akuangalizie, na ikiwezekana mwite yule asiyekuamini. Anayekupenda ataangalia uso wako. Asiyekuamini ataangalia fundo.

Na kama nyumbani kwako kuna mtu anayelipiga vita jambo lako kila mlo, usibishane naye. Mwachie vifaa, nenda kazini, na usirudi mapema.